Mkaliakibao

Mauza binti Ghanim alikuwa na miaka ishirini na mitatu mwaka ule wa 1924. Alikuwa ameolewa akaachwa, amerudi kwao Kariakoo, na kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia la duka aliloacha marehemu baba yake na kupima mtama, sukari na kimea. Mama yake, Bi Azza, alipokea wateja. Kaka yake, Hamud, alikuwa karani katika ofisi moja kule bandarini, na ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba.

Ubavuni mwa duka kulikuwa na kichochoro, na humo kichochoroni aliuza pombe ya mtama mwanamke mmoja aitwaye Candida. Mumewe alikuwa mpagazi wa jeshi wakati wa vita, akafia Mahenge chini ya mzigo wa watu, na Candida, aliyemfuata mpaka mjini, hakuwa tena na kwao pa kurudi. Mtama alinunua kwa Bi Azza. Kimea pia. Mara nyingine, wateja wake wakiwa hawajafika, Mauza alitoka kwa mlango wa uani akakaa naye, wakazungumza mambo ya wanawake, kwa sababu Candida alikuwa na ulimi mwepesi na Mauza hakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye.

Mwaka uliotangulia, watu wa soko walikuja kusimika kibao mdomoni mwa kichochoro. Mvua za vuli zikalainisha ardhi na nguzo ikaanguka. Candida akakiokota kile kibao, akakilaza juu ya mawe mawili, akakifanya kiti.

"Da Candida," Mauza alimwambia siku moja, "unajua umekalia nini?"

"Ubao."

"Umeandikwa: ni marufuku kupika na kuuza pombe mahali hapa."

Candida alisimama, akauinamia ubao, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga, kisha akakaa tena taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti cha heshima. "Basi ni mali ya serikali," alisema. "Naitunza isilowe."

Mauza alicheka mpaka akashika ukuta. Na tangu siku hiyo, kila akitoka uani humuuliza mwenzake, "Sheria haijambo?" na Candida hujibu, "Haijambo, ina joto kidogo."

Mwezi wa Machi Hamud alikuja na gazeti la Kiingereza lililotoka melini, limekunjwa na limetiwa doa la mafuta. Alikuwa na tabia ya kumsomea dada yake magazeti, na Mauza alimpenda sana kwa hilo, maana ndugu wa wenzake hawakufanya hivyo. Walikaa ukumbini, Bi Azza akichambua mchele kando yao.

"Sikiliza hii," Hamud alisema. "Kule Marekani wamepiga marufuku ulevi nchi nzima. Watu wanakunywa vilevile, tena matajiri, tena wanajisifu. Sasa tajiri mmoja asiyekunywa akaona watu hawa hawana jina linalowauma. Akatangaza dola mia mbili kwa atakayebuni neno. Barua zikaja zaidi ya elfu ishirini na tano."

"Wakachagua neno gani?"

"Scofflaw." Alilitamka mara mbili, polepole. "Skof-lo. Nusu ya kwanza ni kubeza, kumcheka mtu kwa dharau. Nusu ya pili ni sheria. Yaani mtu anayeijua sheria, inamtazama, naye anaicheka. Si mwizi hasa. Mwizi hujificha."

"Nani alilibuni?"

"Hapo ndipo penye ajabu. Watu wawili, hawajuani, kila mmoja alileta neno lilelile. Ikabidi wagawane."

Mauza alifikiri kidogo. "Ni neno zuri, lakini nikilisikia simwoni mtu. Ingekuwa mimi ningesema mkaliakibao."

"Mka nini?"

Akamweleza. Alieleza habari ya nguzo iliyoanguka, mawe mawili, mali ya serikali isilowe. Hata Bi Azza alitabasamu juu ya ungo wake. Hamud alicheka sana, kisha akarudia neno lile chinichini kama anayeonja chumvi.

Haikupita wiki tatu ikaja habari nyingine. Kulikuwa na chama kidogo cha kupinga ulevi mjini, kinachoongozwa na mama mmoja wa Kiingereza ambaye mumewe alikuwa mkubwa wa ofisi ya Hamud. Yule mama alikuwa amesoma gazeti lilelile, naye akataka Waswahili wawe na neno lao. Ikatangazwa kwamba atakayebuni neno la Kiswahili la mtu wa namna ile atapewa cherehani, na jina lake litasomwa Mnazi Mmoja, sikukuu ya Dola ya Waingereza, tarehe ishirini na nne Mei.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Baada ya kufuturu Mauza alichukua karatasi, akaandika kwa herufi za Kizungu alizofundishwa na kaka yake: *Mkaliakibao, wingi wakaliakibao. Maana yake ni mtu aijuaye amri na kuidharau makusudi mbele za watu.* Chini akaandika jina lake, Mauza binti Ghanim, wa Kariakoo. Habari ya Candida hakuitia. Alimkabidhi Hamud karatasi ile kwa sababu sanduku la kutilia barua lilikuwa kulekule ofisini kwao.

"Wakiuliza neno limetoka wapi," alimwambia, "sema limetungwa tu. Usimtaje mwenyewe. Ni maskini wa Mungu yule."

"Nimtaje kwa nini?" Hamud alisema, akaitia karatasi mfukoni mwa kanzu.

Idi ikapita. Mauza alihesabu siku kimyakimya. Hakumwambia mtu, hata Candida, kwa kuwa aliona haya, na pia alitaka iwe jambo la kumshtua. Alikwisha panga moyoni kwamba akishinda, nguo ya kwanza kushona itakuwa gauni la Candida la kwendea kanisani.

Sikukuu ya Dola watu walijaa Mnazi Mmoja. Bendi ya askari ilipiga, watoto wa skuli walikimbia mbio za magunia, na mabwana walikaa chini ya hema jeupe. Mauza alikuwa upande wa wanawake na mama yake, wote wawili wamejifunika buibui. Candida naye alikuja, akasimama karibu nao kidogo, amevaa kanga mpya, anakula karanga.

Zilipokwisha mbio, mkalimani alipanda jukwaani. Alisema barua zimekuja mia moja na kumi na tisa, na neno lililochaguliwa ni mkaliakibao. Watu waliguna, wakalirudia, wengine wakaanza kucheka. Mauza alishika mkono wa mama yake. Masikio yalikuwa yakimvuma hata alidhani amesikia vibaya mkalimani aliposema, "Na aliyelibuni ni Bwana Hamud bin Ghanim, karani."

Hamud alipanda. Alikuwa amevaa joho. Alipeana mkono na mama wa Kiingereza, na mumewe, mkubwa wa ofisi, akampigapiga begani. Cherehani ilikuwa mezani, nyeusi, imeandikwa kwa dhahabu.

Yule mama akauliza jambo kwa Kiingereza, na mkalimani akalitoa kwa Kiswahili: "Bibi anauliza, umelipata wapi neno zuri namna hii?"

Hamud alijibu kwanza kwa Kiingereza, mabwana wakacheka. Kisha akawageukia watu.

"Karibu na kwetu," alisema, "yuko mwanamke mmoja mpika pombe, jina lake Candida. Serikali ilisimika kibao cha kumkataza. Kibao kikaanguka, akakifanya kigoda. Mimi mwenyewe nilimsomea maandishi, neno kwa neno. Akaniambia, hii ni mali ya serikali, naitunza isilowe."

Uwanja mzima ulivuma kwa kicheko. Watu waliomjua Candida walianza kugeuka wakimtafuta, na mmoja akaonyesha kidole. "Huyo hapo mkaliakibao." Wengine wakaitikia. Candida alisimama na karanga zake mkononi. Hakumtazama Hamud. Alimtazama Mauza, moja kwa moja, kana kwamba lile buibui halikuwapo, kisha akapenya katikati ya watu akaenda zake.

Mauza alitaka kumfuata. Bi Azza alimkaza mkono. "Tulia," alisema. "Watu wanatazama."

Jioni Hamud alifika nyumbani na hamali amebeba cherehani kichwani. Aliitua ukumbini mbele ya dada yake.

"Yako hiyo," alisema. "Sikusema naichukua mimi. Nimekuletea."

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Mauza, ulitaka jina lako lisomwe Mnazi Mmoja mbele ya wanaume wa mji huu? Waseme binti Ghanim anashindana na makarani? Nimekusitiri."

"Na Candida umemsitiri na nini?"

Hamud alivua joho, akalikunja kwa uangalifu. "Waliniuliza ghafla. Mkubwa alikuwa ananitazama. Ningesema limetoka hewani?"

"Nilikuomba hivyo. Hapa, ulipokaa."

"Wamefurahi. Wamesema watanipandisha daraja. Hiyo ni faida ya nyumba nzima." Akamtazama mama yake apate kuungwa mkono, na Bi Azza akasema kwa sauti ya chini kwamba yaliyopita yamekwisha pita na chakula kinapoa.

Kilichomuuma Mauza zaidi, alivyokuja kusema baadaye, hakikuwa jina. Kilikuwa lile neno "mimi mwenyewe nilimsomea." Kaka yake alikuwa amechukua hata mchana wao wa uani, akaingia akakaa ndani yake kama wake, na akauonyesha kwa watu.

Jumatatu asubuhi askari wawili walikuja kichochoroni. Walivunja mitungi, pombe ikatiririka mpaka mbele ya duka, wakamchukua Candida pamoja na kibao. Kwa miaka mitatu walikuwa wakipita pale bila kutazama. Watu walisema askari hawakuwa na jinsi, maana jambo limekwisha tajwa mbele ya wakubwa wote na mji mzima umecheka.

Kesi ilisikilizwa Alhamisi. Mauza alikwenda. Alimwambia mama yake anakwenda, hakumwomba ruhusa, na Bi Azza alilia lakini hakumzuia. Hamud alikuwa ameitwa shahidi, akakaa mbele kwenye benchi.

Hakimu alikuwa mzee mpole wa sauti ya kukwaruza. Alimwambia Candida kwamba kupika pombe bila kibali ni kosa dogo, adhabu yake ni kumwagiwa pombe yake na kuonywa, na pombe yenyewe imekwisha kumwagwa. Lakini kuijua amri na kuikejeli hadharani ni jambo jingine, na hilo lina kifungo.

"Ulijua kibao kimeandikwa nini?"

"Sijui kusoma, bwana."

"Bwana Hamud anasema alikusomea."

Mauza akasimama kutoka upande wa wanawake, akasema jina lake, jina la baba yake na mtaa wake. Watu waligeuka. Hakuna mwanamke wa nyumba kama yao aliyekuwa na kawaida ya kusimama barazani mbele ya hakimu.

"Naomba kusema neno moja, bwana hakimu. Kaka yangu hakumsomea mwanamke huyu chochote. Hajawahi kukaa naye. Sidhani kama amewahi kuzungumza naye, ila kumwambia asogee apite."

Kila alilosema lilikuwa kweli, na alikuwa amelipima usiku kucha ili liwe kweli. Hakusema nani aliyesoma. Aliomba Mungu asiulizwe.

Hakimu hakumuuliza. Alimgeukia Hamud. "Dada yako anasema hukumsomea. Basi na neno lile ulilipata wapi?"

Mauza alimtazama kaka yake, naye akamtazama. Hamud alikuwa na njia mbili, na wote wawili walizijua. Angeweza kusema si mimi niliyemsomea, na neno si langu. Candida angerudi nyumbani na onyo, na yeye angerudi ofisini bila daraja, na watu wangecheka kidogo kisha wasahau. Mauza alimwona akifikiri, na alimjua toka utotoni, akaona kabisa saa aliyokata shauri, maana Hamud aliinamisha macho.

"Dada yangu ana huruma nyingi," alisema. "Amezoeana na mwanamke huyu. Mimi nilimsomea."

"Utaapa?"

"Nitaapa."

Msahafu ukaletwa. Hamud akaweka mkono, akaapa. Sauti yake haikutetemeka. Hakimu alishukuru, akasema haoni sababu ya kutomwamini mtu aliyeisimulia habari hiyohiyo mbele ya mji wote, akampa Candida kifungo cha wiki sita.

Mauza hakurudi nyumbani siku ile. Alitoka barazani akaenda kwa miguu mpaka Ilala kwa shangazi yake, Bi Thuraya, mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ya udongo yenye mti wa mlangali mbele, akamwambia, "Nimekuja kukaa." Bi Thuraya alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alilosema lilikuwa, "Chumba cha nyuma kinavuja. Lala huku kwangu."

Wiki ya pili Hamud alimpelekea Mauza cherehani kwa mkokoteni. Mauza alimwambia mwenye mkokoteni airudishe. Mwenye mkokoteni alilalamika kwamba ni nzito, akarudi nayo. Wakati ule mkaliakibao lilikuwa limekwisha enea. Wauza samaki waliitana hivyo, waliopitisha baiskeli penye kamba ya kufunga njia waliitwa hivyo, watoto waliimba wakikimbizana. Mauza alilisikia kila alipokwenda sokoni, na kila mara alikaza mwendo.

Siku Candida alipotolewa, Mauza alikuwa nje ya lango tangu mapambazuko, na kikapu cha mikate na kanga mpya. Candida alitoka amekonda, nywele zimekatwa. Hakushtuka kumwona. Waliandamana mpaka penye kivuli cha ukuta, ndipo Candida alipoketi chini na kula mkate mmoja.

"Nilikusikia barazani," alisema. "Ulijitahidi. Nilifahamu unavyopita kando kando ya uongo."

"Sikufanikiwa."

"Hukufanikiwa." Alitafuna. "Nataka kukuuliza, na unijibu vizuri. Lile neno ni la kaka yako, au ni lako?"

Mauza angeweza kusema ni la kaka yake. Mji wote ulisema hivyo, karatasi za serikali zilisema hivyo, na kiapo kimeliwa juu yake.

"Ni langu," alisema. "Niliandika kwa mkono wangu. Sikukutaja, na nilimwambia asikutaje. Lakini habari yako nilimpa mimi, ukumbini, kwa kucheka. Na neno ni langu."

Candida alikung'uta makombo kwenye mapaja yake.

"Mle ndani," alisema, "walinzi walikuwa wananiita kwalo. Asubuhi, mkaliakibao amka. Jioni, mkaliakibao kalale. Nikawa nasema huyu Hamud hanijui, hana deni kwangu, amenifanya ngazi kama wanavyofanya watu. Haliumi sana hilo. Lakini nilikuwa nafikiri, maneno yangu ameyajuaje? Tulikuwa wawili uani."

"Nisamehe, da Candida."

"Mimi nilidhani tunacheka pamoja," Candida alisema.

Alisema bila hasira, na Mauza akatamani lau angetukanwa. Candida alisimama. Alikuwa na mtu wa ukoo wake Kilosa, mke wa mfanyakazi wa reli, na gari moshi lilikuwa likiondoka mchana ule. Kikapu alikichukua. Kanga aliifungua, akaitazama rangi, akamrudishia. Mauza aliomba amsindikize stesheni, naye akasema hapana, njia anaijua.

Siku tatu baadaye ilikuwa Idi Kubwa. Baada ya sala watu wa Ilala walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupeana mikono, na Hamud akaja. Alikuwa amevaa vizuri kupita siku zote, na katika kidole chake kulikuwa na pete mpya. Alikuwa amepandishwa daraja tangu mwezi wa sita. Bi Thuraya alimkaribisha kahawa, kisha akaingia ndani akawaachia ukumbi.

"Mama anakulilia," Hamud alisema. "Rudi nyumbani. Leo ni siku ya kusameheana, Mauza. Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

"Taja moja."

Hamud alitazama kikombe chake. Nje walisikika wageni wengine wakipiga hodi nyumba ya pili, na mtu akiitikia karibu. Alifungua mdomo, na kwa kitambo Mauza alidhani atasema, akasogea mbele, kwa sababu alikuwa bado anampenda na angalimsamehe palepale kwa jambo moja tu lililotajwa kwa jina lake.

"Unajua mwenyewe," Hamud alisema hatimaye.

"Najua. Nataka kukusikia wewe."

Hamud akaweka kikombe chini, akasema wenzake wa ofisini wanamngoja Mnazi Mmoja, akavaa viatu vyake mlangoni na kutoka.